Mshono ukikauka, umepona? Yanayoendelea chini ya ngozi baada ya upasuaji

Mzazi aliyejifungua kwa upasuaji hurudi nyumbani na maelekezo ya pande mbili ambazo hazijawahi kukaa kikao kimoja. Hospitali imesema mshono uachwe mkavu, usipakwe kitu, na asinyanyue vizito kwa wiki sita. Nyumbani maji ya moto yako tayari jikoni, bibi anataka kumkanda, shangazi kaja na chupa ya asali, na jirani aliyepasuliwa mwaka juzi anaapa kwamba yeye wiki ya pili alikuwa anabeba ndoo za maji na halikumpata jambo. Siku zinapita, mshono unakauka, unabaki mstari mweusi tu chini ya kitovu. Hapo mabishano yanaanza: huyu amepona au hajapona?

Kila mmoja ana haki kidogo, kwa sababu mpasuo mmoja si kidonda kimoja. Ni vidonda kadhaa vilivyolaliana, kimoja chini ya kingine, na kila kimoja kina kalenda yake. Ngozi hujifunga ndani ya siku mbili hivi. Nguvu ya kubeba mzigo hurudi kwa miezi. Kovu lenyewe huendelea kubadilika kwa mwaka mzima na zaidi. Anayetazama tabaka la juu huwa anatoa hukumu kwa niaba ya matabaka ambayo hayaoni.

Hapa nitautumia upasuaji wa kujifungua kama mfano, maana ndio upasuaji mkubwa unaojulikana katika familia nyingi. Mengi yanayofuata yanamhusu pia aliyetolewa kidole tumbo, aliyerekebishwa ngiri au aliyeondolewa uvimbe kwenye kizazi.

Tuelewane kwanza

Mpasuo ni njia iliyopitishwa na kisu. Mshono ni nyuzi zinazozishika kingo za njia hiyo zikutane. Kovu ni nyama mpya ambayo mwili unaijenga kuziba pengo, na nyama hiyo hailingani kabisa na ile ya mwanzo: haina vinyweleo, haina tezi za jasho, na nyuzinyuzi zake zimepangwa kwa namna tofauti. Keloidi ni kovu lililokataa kusimama, likaendelea kukua. Tutarudi kwake, kwa sababu ndilo linalozungumzwa sana na kueleweka kidogo.

Kisu kinapita wapi

Daktari anapomfikia mtoto huwa amepita kwenye ngozi, kisha tabaka la mafuta, kisha utando mgumu mweupe unaoifunika misuli ya tumbo. Misuli yenyewe kwa kawaida haikatwi. Inatenganishwa katikati, kushoto na kulia. Chini yake kuna utando mwembamba unaozunguka viungo vya tumboni, halafu mji wa mimba. Wakati wa kutoka daktari anarudi kwa njia ileile akifunga anayopaswa kuyafunga.

Tabaka la kulikumbuka ni ule utando mgumu mweupe. Huo ndio unaolizuia tumbo lisifunguke unapokohoa, unapocheka au unapoinua ndoo. Ngozi haina kazi kubwa katika kubeba mzigo huo. Kwa hiyo mtu anayepapasa ngozi yake na kusema “mbona kumeshikana vizuri” amekagua mlango wa nje na kusahau nguzo.

Kuhusu nyuzi kuna wasiwasi usio na sababu. Nyuzi za ndani kwa kawaida hazitolewi. Nyingi ni za aina inayoyeyuka, na zile zinazotumika sana humalizwa na mwili kwa muda wa miezi miwili hivi. Hazikusahaulika. Nyuzi za ngozi ndizo zenye sura mbili: ama zinayeyuka zenyewe, ama ni za nailoni na lazima zitolewe. Za usoni hutolewa mapema, kama siku ya 5. Za tumboni kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 10. Ukitoka hospitali bila kujua ulishonwa kwa uzi upi, uliza. Baada ya wiki kadhaa ukiona ncha ya uzi imechungulia, usiivute, nenda ikakatwe.

Kutoka saa ya kwanza mpaka mwaka wa pili

Kazi ya kwanza ya mwili ni kusimamisha damu, na hiyo ni ya dakika. Kisha zinaingia chembe nyeupe za damu kusafisha eneo: kula vijidudu na kuondoa seli zilizokufa. Siku tatu au nne za mwanzo mshono huvimba kidogo, huwa na joto na huuma. Mwenye mshono huogopa, lakini hiyo ndiyo kazi inavyofanyika. Vitabu vingi husema eneo litakuwa jekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo aghalabu hauonekani, badala yake utaona weusi uliokolea au rangi ya zambarau. Ndiyo maana ni afadhali kuamini uvimbe, joto la kiganja na maumivu kuliko kutafuta rangi.

Wakati huohuo seli za ngozi zinatambaa kutoka kingo mbili, na kwa kuwa nyuzi zimezikutanisha kingo, safari yao ni fupi mno. Ndani ya saa 24 hadi 48 huwa zimeshapita juu na kuufunga mstari. Kwa sababu hiyo hospitali nyingi huruhusu kuoga kwa maji ya kumwagia baada ya saa 48, ilimradi hukai ndani ya beseni na unaukausha mshono kwa kugusagusa bila kusugua. Kutooga wiki mbili kwa kuogopa mshono hakumsaidii mtu, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa jasho lililokaa kwenye mkunjo wa tumbo ni baya kuliko maji safi.

Lakini huo mstari uliofungwa siku ya pili hauna nguvu yoyote ya maana. Nguvu huletwa na kolajeni, nyuzinyuzi za protini ambazo mwili huanza kuzimwaga kwa wingi kuanzia siku ya nne au ya tano. Ile ya mwanzo ni ya haraka haraka, nyembamba na iliyotupwa bila mpangilio. Baada ya wiki tatu hivi mwili huanza kuivunja na kuijenga upya kwa aina iliyo imara zaidi, ukiipanga kufuata upande ambao ngozi inavutwa. Vipimo vinavyotajwa sana katika ufundishaji wa upasuaji ni hivi: mwisho wa wiki ya kwanza kidonda kina takriban asilimia 3 tu ya nguvu ya ngozi ya awali, wiki ya tatu, kati ya 20 na 30, mwezi wa tatu, kama 80. Asilimia 100 hairudi tena.

Fundi akimwaga zege leo, kesho asubuhi unaweza kulikanyaga. Hata hivyo hakuna fundi wa maana atakayepandisha ukuta juu yake kesho hiyo, wala kuing'oa mirunda iliyolishikilia kwa chini. Atalimwagia maji siku baada ya siku na kusubiri zile siku 28. Nyuzi za ndani ndiyo mirunda. Jirani aliyebeba ndoo wiki ya pili hakubebwa na kidonda chake, alibebwa na nyuzi, pamoja na bahati. Katazo la wiki sita halikutolewa kwa ajili ya ngozi, ambayo imeshamaliza shughuli yake. Limetolewa kwa ajili ya ule utando mweupe, ambao wiki ya sita bado uko mbali na kumaliza yake. Kutembea taratibu, kwa upande mwingine, kunatakiwa tangu siku ya kwanza, maana kulala tu huongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

Chakula, na mabaharia wa karne ya 18

Huko mitaani mwenye mshono hunyimwa vitu vingi: nyama, mayai, maharage, samaki, eti vinaleta usaha au vinalifanya kovu livimbe. Kwa bahati mbaya orodha hiyo ni karibu orodha kamili ya vyakula vyenye protini, na kolajeni ni protini. Kumnyima mgonjwa maharage ni kumnyima saruji. Usaha huletwa na bakteria, hautoki kwenye sahani.

Kolajeni pia haitengenezwi sawasawa bila vitamini C, na hapa kuna kisa ninachokipenda. Miaka ya 1740 kikosi cha meli za Kiingereza chini ya George Anson kilizunguka dunia, na mabaharia wengi wakafa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo. Mmoja wao alikuwa mzee aliyejeruhiwa vitani Ireland mwaka 1690, majeraha yaliyopona zamani. Kiseyeye kilipomshika, makovu yake ya miaka 50 yakafunguka kama ya jana. Kumbe kovu halikamiliki likaachwa. Mwili unaibomoa na kuijenga kolajeni yake maisha yote, na malighafi ikikatika, ukuta unadondoka. Machungwa, mapera, maembe na mboga za majani vinatosha kabisa. Mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa, mwenye upungufu mkubwa wa damu na mvutaji sigara hupona polepole zaidi, na hao wanapaswa kumweleza daktari kabla ya kisu, si baada.

Cha kupaka ni nini?

Katika hali ya kawaida, hakuna. Mshono uliofungwa safi hauhitaji majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa wala unga wa vile vidonge vya rangi mbili unaofunguliwa na kunyunyizwa juu. Tabia hii ya mwisho inastahili kuelezwa, kwa sababu inafanywa na watu wanaodhani wanatumia dawa ya kisasa. Unga wa kidonge cha kumeza haukutengenezwa kwa kidonda. Hugandamana na majimaji ukawa ukoko, chini yake bakteria wanastarehe, na dozi inayoingia mwilini haijulikani. Spiriti nayo, ikimiminwa kila siku, huunguza zile seli changa zinazotambaa. Asali inayotayarishwa maalumu kwa hospitali ina kazi yake kwenye baadhi ya vidonda vilivyo wazi, lakini ya chupa ya sokoni haijasafishwa dhidi ya vijidudu, na mshono uliofungwa hauihitaji.

Maji ya moto ya kukandia ni kesi nyeti, maana yanatolewa kwa upendo na yana heshima yake. Tatizo ni kwamba ngozi inayozunguka mshono wa kujifungua mara nyingi ina ganzi, kwa kuwa mishipa midogo ya fahamu imekatwa. Mzazi anaweza kuungua bila kujua. Mgongo na miguu vikandwe, mshono uachwe. Kanga ya tumboni inaweza kumpa mtu starehe anapokohoa, ila haiponyeshi chochote, na ikibana sana au ikiloa jasho inakuwa sehemu ya tatizo.

Tahadhari yote hii ina sababu. Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo wake wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji mwaka 2016, lilieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati asilimia 11 ya wanaopasuliwa hupata maambukizi, na barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji huambukizwa kidonda. Mwongozo huohuo una mambo mawili yanayowashangaza wengi. La kwanza: usijinyoe kwa wembe kabla ya upasuaji. Wembe huacha mikato midogo isiyoonekana, na bakteria huhamia humo; nywele ama ziachwe, ama zipunguzwe kwa mashine ikibidi. La pili: antibiotiki ya kukinga hutolewa kabla ya ngozi kukatwa, na kwa upasuaji wa kawaida haipaswi kuendelezwa kwa siku nyingi baadaye. Ukiruhusiwa bila mfuko wa vidonge usidhani umepunjwa. Ukiandikiwa kwa sababu ya maambukizi, hilo ni jambo jingine, zimalize.

Wapo watakaosema mababu walipasua bila vyote hivyo. Ni kweli walipasua. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Bunyoro, Uganda ya leo, mganga akimtoa mtoto kwa upasuaji. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, akazikutanisha kingo kwa vijiti saba vyembamba vya chuma vilivyong'arishwa, akavifunga kwa kamba ya gome la mti, kisha akapaka rojo la mizizi na kufunika kwa jani la mgomba. Vijiti vikatolewa hatua kwa hatua mpaka siku ya 6, na siku ya 11 kidonda kikawa kimefunga. Watu hupenda kuchukua ile mizizi. Mimi naona yaliyobaki: pombe iliyooshea, kingo zilizokutanishwa, na kalenda ya kutoa vijiti inayokaribiana sana na ya nyuzi za leo.

Lini ukimbie hospitali

Maumivu ya mshono hupungua kila siku. Yakigeuka na kuanza kupanda baada ya siku ya tatu au ya nne, yakiandamana na homa, uvimbe, ugumu, harufu au usaha, usingoje tarehe ya kliniki. Maambukizi yanaweza kujitokeza hadi siku 30 baada ya upasuaji, hata kwa mtu aliyekwisha kutolewa nyuzi.

Dalili moja hupuuzwa kwa sababu haiumi. Kati ya siku ya 5 na ya 10, mshono wa tumbo uliokuwa mkavu ukianza ghafla kutoa majimaji mengi ya rangi ya waridi, huenda ule utando mgumu wa ndani umeachia ingawa ngozi bado imefumba. Hiyo ni dharura. Na ikitokea mshono umefunguka wote, mgonjwa alazwe chali, jeraha lifunikwe kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, asipewe chakula wala kinywaji, na asijaribu mtu kusukuma kitu kurudi ndani. Gari litafutwe.

Jambo lingine linalozua malalamiko: mgonjwa mwenye usaha anafunguliwa mshono, anasafishwa, kisha anaachwa wazi. Ndugu husema katelekezwa. Sivyo. Ukiufunga usaha ndani, unautengenezea chumba. Kidonda kama hicho huachwa kijae kutoka chini kwenda juu, kwa kusafishwa na kufungwa bandeji, na kinaweza kuchukua wiki nyingi. Kovu lake litakuwa pana zaidi.

Kovu linapokataa kusimama

Miezi miwili mitatu ya mwanzo kovu lolote huwa baya kuliko litakavyokuwa: limeinuka, ni gumu, limeiva rangi, linawasha. Wengi hukata tamaa hapo na kukimbilia krimu. Lingesubiriwa, kwa kawaida lingeanza kulala na kufifia, safari inayoweza kufika mwaka au mwaka na nusu. Kuwasha ni sehemu ya uponaji. Ganzi pembeni huchukua miezi, na kwa wengine kipande kidogo hakirudi. Wanaosema baridi imeingia kwenye mshono wanasema kweli kuhusu maumivu, ila baridi haina pa kuingilia. Mishipa ya fahamu inayoota upya ndiyo inayolalamika.

Lipo kovu linaloinuka na kuwa nene lakini likabaki ndani ya mipaka ya mkato. Hilo huonekana ndani ya wiki chache na mara nyingi hupungua lenyewe. Keloidi hufanya kitu tofauti: huvuka mpaka, hutambaa kwenye ngozi ambayo kisu hakikuigusa, linaweza kuanza miezi mingi baada ya kidonda kupona, na halirudi nyuma lenyewe. Hupenda ndewe ya sikio, kifua katikati, mabega, taya na mgongo wa juu. Viganja na nyayo karibu haviguswi. Huwapata watu wa rangi zote, lakini wenye ngozi nyeusi zaidi, hasa vijana wa kati ya miaka 10 na 30, na hutembea katika familia. Ndiyo sababu dada wawili wanatoboa masikio siku moja, kwa sindano moja, na mmoja tu ndiye anayeota vinundu.

Kwa hiyo keloidi si damu chafu, si husuda, si mayai uliyokula, na mara nyingi si kosa la aliyekushona. Haliambukizi na si saratani.

Ombi la kawaida ni “likatwe tu.” Tatizo ni kwamba kulikata ni kumpa mwili kidonda kipya cha kufanyia kosa lilelile, na keloidi likikatwa bila matibabu mengine mara nyingi hurudi, pengine kubwa zaidi. Madaktari wa ngozi huanza kwa sindano za triamsinoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya kovu lenyewe, zinazorudiwa kila baada ya wiki kadhaa, au huziunganisha na ukataji. Vibandiko na jeli za silikoni husaidia kulilaza kovu linaloinuka, mradi kidonda kiwe kimefunga kabisa na zivaliwe saa nyingi kila siku kwa miezi. Ni matibabu ya subira. Krimu za kuchubua zinazouzwa kama dawa ya makovu hazina hiyo subira. Baadhi zimekutwa na zebaki, na zebaki huharibu figo.

Kama wewe au mzazi wako mna keloidi, mwambie daktari kabla ya upasuaji wowote usio wa dharura, hata kutoboa sikio.

Kovu ambalo hulioni

Mji wa mimba nao una mstari wake, na huu ndio wenye uzito kwa mimba ijayo. Watu wengi huamini kwamba aliyechanwa kwa kulala, chini kwenye mstari wa nguo ya ndani, yuko salama, na aliyechanwa wima kutoka kitovuni hawezi tena kuzaa kawaida. Mstari wa ngozi hausemi lolote kuhusu mstari wa ndani. Unaweza kuwa na kovu la wima tumboni na mji wa mimba ukawa umekatwa kwa kulala, sehemu ya chini, ambako hupona vizuri. Mkato wa wima sehemu ya juu ya mji wa mimba ndio wa kuogopwa, kwa sababu huweza kuachia uchungu unapokaza.

Imani kwamba ukishapasuliwa mara moja basi ni kisu siku zote ina umri wa zaidi ya karne. Edwin Cragin, daktari wa New York, aliitamka mwaka 1916, wakati ambapo mkato wa kawaida ulikuwa huo wa wima. Leo kwa mwanamke mwenye kovu moja la kulala, hatari ya kovu kuachia akijaribu kujifungua kwa njia ya kawaida ni kama 1 kati ya 200. Ni ndogo, lakini ikitokea inahitaji chumba cha upasuaji kilicho tayari papo hapo. Hivyo jaribio hilo lifanyike hospitali yenye uwezo huo, si nyumbani wala zahanati. Na mji wa mimba upewe muda: Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 kutoka kujifungua hadi kushika mimba nyingine.

Kabla hujaruhusiwa, basi, muulize daktari au nesi mkato wa ndani ulikuwa wa aina gani na kwa nini ulipasuliwa, na uombe yaandikwe kwenye kadi yako ya kliniki. Miaka mitatu baadaye, ukiwa wodi nyingine na uchungu umeanza, mkunga wa zamu ataliona kovu la ngozi tu.